Cottrell, mutu aliyekamata moshi wa shemine

Sisi watu wa Katanga tunajua kusoma moshi. Tulipokuwa watoto mu kambi, upepo ukigeuka upande wetu, mama alitoka mbio kuondoa manguo ku kamba, na mutu mwenye ugonjwa wa kifua aliingia ndani na kufunga dirisha. Hakuna aliyetufundisha ile. Lakini kulikuwa mutu mumoja, mwalimu wa iniversite, mbali sana na hapa, aliyekaa miaka anaangalia moshi sawa ule na kujiuliza namna ya kuukamata mbele hautoke inje. Alipata njia. Jina lake ni Frederick Gardner Cottrell. Viwanda vya shaba, vya risasi, vya simenti na vya makala mu inchi mingi vinatumia mashini ya namna yake mupaka leo. Mainjiniere wanajua lile jina. Sisi tunaopumua, tunalijua kidogo.

Tunaeleza maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ule moshi. Ya pili ni kwamba Cottrell hakuvumbua mashini tu. Alitafuta pia njia ya kutoa kitu mu labo ya iniversite na kukifikisha ku kiwanda bila kuibiwa njiani, na falanga yake irudie masomo. Mu sendika yetu tumezungumuza sana juu ya ile sababu ya pili, tangu siku mwenzetu mumoja alipata hasara. Ya kwake itafuata.

Cottrell alizaliwa tarehe 10 Januari 1877 mu muji wa Oakland, ku California, ngambo ya maji ya San Francisco. Akasoma ku iniversite ya California, mu Berkeley, muji wa jirani, akamaliza mwaka 1896 kwa miaka mitatu tu. Nyuma yake hakukuwa falanga ya kuendelea. Akaingia kufundisha kemia mu sekondari ya kwao Oakland, miaka mitatu, anaweka mushahara kidogo kidogo. Walimu wetu wa hapa wanajua ile hesabu. Mwaka 1900 akapanda meli kwenda Ujerumani, kwa kuwa wakati ule kemia ilikuwa kule. Berlin alikuwa na mwalimu van 't Hoff, Leipzig alikuwa na Ostwald, wote wawili watu wakubwa wa ile elimu, na wote wawili wakapata zawadi ya Nobel. Mwaka 1902 akapata udaktari, akarudi Berkeley kufundisha. Mwaka 1904 akaoa Jess Fulton.

Sasa tuingie mu moshi wenyewe.

Karibu na Berkeley, pale Pinole, kulikuwa kiwanda cha Du Pont cha kutengeneza baruti na dinamite. Muchimbaji anajua dinamite, lakini pengine hajui kwamba kuitengeneza kunaomba asidi mingi, na asidi kubwa ya kazi ile ni asidi ya sulfiri, ileile inayotumiwa hapa kwetu kuyeyusha shaba na kobalti kutoka mu mawe. Kutengeneza ile asidi kwa njia mupya ya wakati ule kulikuwa na adui mumoja: arseniki. Arseniki inaingia mu gazi kama mavumbi mazuri sana na ukungu, inafika ku platini inayosaidia kazi, inaiharibu. Cottrell aliombwa kutafuta namna ya kusafisha ile gazi. Kwanza alijaribu kuizungusha kwa nguvu, sawa mutu anavyozungusha ndoo ili kitu kizito kiende pembeni. Haikutosha. Ukungu wa asidi ni vitone vidogo kupita vile jicho linaweza kuona, vinapita kila chujio.

Ndipo akageukia umeme, kurani. Wazo halikuwa la kwake, na yeye hakuficha jambo hilo. Mu Uingereza, Oliver Lodge alikuwa ameonyesha mu miaka ya 1880 kwamba kurani inaweza kusafisha moshi mu chupa. Wakaijaribu ku kiwanda cha risasi pale Bagillt, ku Wales, ikashindwa. Mashini yao ya kurani ilikuwa ya kuzungushwa, ya kuonyesha wanafunzi, haina nguvu ya kazi ya mwaka muzima. Na tena moshi wa risasi ni mumoja wa moshi mugumu sana. Wazo likalala zaidi ya miaka 20. Angalia vizuri hapo, juu njo pale tunataka kufika: elimu ilikuwako, imeandikwa, imesomwa, na wafanyakazi wa risasi wakaendelea kumeza risasi. Kitu kujulikana mu iniversite haiko sawa na kitu kuwako ku kazi.

Cottrell alikuwa na bahati ya kuzaliwa nyuma. Transforma za nguvu zilikuwa zimefika. Akapandisha kurani juu sana, akatengeneza kifaa kinachozunguka pamoja na mashini ili kurani iende upande mumoja tu bila kurudi nyuma. Namna inafanya kazi ni hii: mu njia ya moshi unatundika waya wenye kurani ya juu sana, na pembeni unaweka bamba la chuma lililofungwa ku udongo. Kipande cha mavumbi kikipita karibu na waya kinabeba kurani. Kikibeba kurani, bamba linakivuta. Kinashikamana pale. Ukipiga bamba, mavumbi yanaanguka chini mu sanduku; kama ni asidi, inatiririka yenyewe. Gazi inaendelea na safari yake ikiwa safi kupita vile iliingia.

Shida ilikuwa ule waya. Ilipaswa kurani itoke mu waya polepole, mahali pote, bila kupiga radi. Alitumia sindano za chuma, hazikutosha. Mangaribi moja alikuwa anafanya kazi wakati jua linaingia, kumeanza giza, ili aone mwangaza mudogo unaotoka ku ncha za sindano. Akaona kitu ambacho hakutafuta: waya wa kuleta kurani, waya wa kawaida uliofunikwa na uzi wa pamba, ulikuwa unang'aa wote, rangi ya zambarau, tangu mwanzo mupaka mwisho, wakati sindano zake za bei zilikuwa karibu giza. Nyuzi ndogo ndogo za pamba, zenye kulowana asidi, zilikuwa zinafanya kazi ya sindano elfu. Tangu siku ile mashini ikaanza kukamata kweli.

Tarehe 9 Julai 1907 akapeleka ombi la breveti, na tarehe 11 Agosti 1908 serikali ya Marekani ikamupatia, nambari 895,729.

Tuseme vizuri lile neno. Haiko ile brevet ya masomo. Breveti hii ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimevumbuliwa na fulani, na kwa miaka fulani mutu mwingine hana ruhusa ya kukitengeneza ao kukiuza bila kusikilizana naye. Kwa Marekani ya wakati ule ilikuwa miaka 17. Mu nafasi ya ule ulinzi, muvumbuzi anapaswa kueleza wazi namna kitu kinatembea, na kila mutu anaweza kusoma. Miaka ikiisha, kitu ni cha wote. Mutu anayeficha siri yake hana breveti, iko na siri tu, na siri inaweza kuuliwa na mulevi mumoja ku bare.

Basi karatasi ilikuwako. Lakini karatasi haikamati moshi. Kulibakia kupata mutu wa kulipa chuma, transforma na miezi ya kujaribu na kuharibu. Hapa Cottrell alifanya sawa watu wengi wanavyofanya: akaungana na marafiki wenye falanga kidogo, wakafanya kampani ndogo. Na muteja wa kwanza mukubwa akapatikana, si kwa kupenda afya ya watu, bali kwa kuogopa tribinali.

Ni kiwanda cha Selby, cha kuyeyusha risasi na kusafisha zahabu na feza, ku kando ya maji ya San Francisco. Walimaji wa ngambo, wa Solano, walikuwa wanalalamika kwamba moshi unaua farasi na majani yao, wakakishitaki. Kiwanda kilikuwa na shemine kadhaa. Cottrell alianza na ile ya vyungu vya asidi, mahali feza inatengwa na zahabu. Ilitoka wingu jeupe la asidi, linaonekana mbali. Wakatia kurani, wingu likapotea. Walitoa kurani, wingu likarudi. Hakuna hotuba inayopita ile. Wageni wakaanza kuja kutazama.

Kule juu, ku milima ya Shasta, kulikuwa viwanda vya shaba vilivyoua miti yote ya bonde. Kimoja, Balaklala, tribinali ilikuwa imekipatia masharti: kusafisha moshi ao kufunga. Wakaweka mashini ya Cottrell, kubwa kupita zote za mbele. Ilikamata mavumbi mingi sana. Lakini hapa tunaomba musomaji asikilize, juu kampani zinapenda kutuchanganya mupaka leo. Mashini ya kurani inakamata kipande: vumbi, kitone, jivu. Haikamati gazi. Gazi ya sulfiri, ile inayochoma koo na kukausha mihogo, inapita katikati ya mabamba sawa mwenye nyumba. Balaklala ilikamata vumbi lake, gazi ikaendelea kuua mashamba, na mwaka 1911 wakazima matanuru. Kwa hiyo siku mutu wa biro anakuja ku kambi na kusema wameweka filtre ya umeme, ulizeni: na gazi inaenda wapi? Dawa ya gazi ni ingine, ni kuigeuza kuwa asidi na kuiuza.

Ku kusini ya California kiwanda kimoja cha simenti pale Riverside kilikuwa kinafunika michungwa na vumbi jeupe, na wenye michungwa walikuwa na avoka wazuri. Kurani ilishinda kule pia. Na ajabu, wakati wa vita ya 1914, mu lile vumbi lililokamatwa wakapata potase ya mbolea, bei yake ikapanda, na vumbi likaanza kulipa. Vilevile ku viwanda vya shaba na risasi: ndani ya moshi kulikuwa mali. Ku Anaconda, jimbo la Montana, karibu mwaka 1919 walijenga shemine ya metre 178 hivi, na chini yake mashini za Cottrell zilikamata arseniki kwa tani na tani. Patroni aliyekataa kusafisha moshi kwa ajili ya mapafu alikubali kuusafisha kwa ajili ya sanduku lake. Hatusemi ili kumutukana mutu. Tunasema ili delege anayeenda kuzungumuza ajue ni mulango gani unafunguka mbio.

Sasa, katikati ya ile mafanikio, Cottrell akafanya jambo lililowashangaza rafiki zake. Hakutaka utajiri wake. Alikumbuka ile miaka ya kuweka mushahara kidogo kidogo ili asome, na alikuwa anaona wenzake ku Berkeley wenye mawazo mazuri na labo yenye vyombo vya kuvunjika. Akawaza breveti zake ziwe za shirika moja, na falanga itakayotoka ilipe uchunguzi wa wengine. Wenzake wa kampani, waliotia falanga yao, wakakubali kuachilia; walibakiza majimbo sita ya magharibi kwa kampani yao ya kwanza, mahali pengine pote pa Marekani pakatolewa.

Lakini nani atapokea? Kwanza alifikiria iniversite yake mwenyewe. Iniversite haikuwa tayari kuingia mu mambo ya biashara. Na Cottrell mwenyewe, kadiri alivyowaza, akaanza kuogopa: kama iniversite inashika breveti na kutafuta faida, kesho mwalimu atamuficha mwalimu, iniversite itashindana na iniversite sawa maduka, na mutoto anayekuja kusoma ataambiwa ile mulango haufunguliwe. Tukiangalia dunia ya leo, ule woga haukuwa wa bure.

Kuacha bure kabisa, kila mutu atengeneze vile anapenda? Watu wengi wenye roho nzuri wanafikiri hivyo. Sisi vilevile tulifikiri hivyo mbele ya kusoma habari zake. Cottrell aliona kwamba kitu cha kila mutu kinaweza kubakia bila mwenyewe. Kampani gani itatia falanga kukomaza mashini changa, wakati jirani anangoja tu aone kama inatembea ili aige? Na kuuzia kampani moja kubwa? Inaweza kununua breveti na kuiweka mu kabati, moshi uendelee. Alitaka katikati: mwenyewe awe mumoja, mwenye kulinda na kukomaza, lakini yule mwenyewe asile faida.

Mwaka 1911 alikuwa ameacha iniversite na kuingia mu Biro ya Mine ya serikali. Ile Biro wachimbaji tuiheshimu kidogo: ilianzishwa 1910, nyuma ya milipuko mingi mu mine za makala, kati yao ule wa Monongah wa Desemba 1907 ulioua watu 362 kwa hesabu ya serikali. Kupitia Washington akafika kwa Smithsonian, nyumba kubwa ya elimu iliyoanzishwa kwa urizi wa Muingereza mumoja ambaye hakufika Marekani hata siku moja. Katibu wake, Charles Walcott, akapenda wazo. Wakubwa wa nyumba waliogopa kushika biashara kwa mikono yao, sawa iniversite ilivyoogopa. Lakini wakakubali kusaidia shirika lizaliwe pembeni. Mu Februari 1912, ku New York, likazaliwa Research Corporation, ni kusema Shirika la Uchunguzi. Lilikuwa na wenye sehemu sawa kampani zote, lilikuwa na mainjiniere, liliuza, lilijenga, lilidai malipo. Tofauti ilikuwa moja: hakuna mwenye sehemu aliyekula faida. Faida yote ilienda ku uchunguzi wa elimu.

Hapa tuweke ile habari ya mwenzetu.

Yeye ni fundi wa atelye mu kampani moja ya hapa. Hatutaji jina lake wala la kampani. Kwa miaka aliona vumbi linaruka pale mukanda unamwaga mawe, na vijana wa pale wanakohoa. Akatumia mupira wa mukanda wa zamani, bomba, na vitundu vya kurusha maji, akafunika ile sehemu. Vumbi likapunguka mupaka unaona uso wa mwenzako. Wakubwa wakakuja, wakapiga picha, wakapima, wakamushukuru. Miezi ikapita, kifuniko kile kikatokea ku mikanda yote, kimechorwa vizuri, na chini ya mchoro kuko jina lingine. Fundi alipewa diploma ya pongezi na mifuko miwili ya unga. Delege alipouliza, wakamuomba aonyeshe karatasi yenye tarehe. Hakukuwa karatasi. Kulikuwa na chaki ku ukuta, na ukuta ulishapakwa rangi.

Inchi yetu iko na sheria juu ya mali ya industri, ya tarehe 7 Januari 1982, na breveti zinaombwa hapahapa. Lakini hakuna mwenzetu ku mikanda aliyeambiwa. Tofauti kati ya fundi wetu na Cottrell haikuwa akili. Cottrell alikuwa na daftari lenye tarehe, rafiki mwanasheria, na mwaka muzima wa subira mbele ya kufungua kinywa. Mu mazungumuzo ya mukataba wa wafanyakazi yanayokuja, sendika imeandika kifungu juu ya uvumbuzi wa mufanyakazi: daftari la atelye litiwe sahihi na pande mbili, jina la aliyefikiri libakie ku mchoro, na malipo yapimwe kwa kile kampani inaokoa. Hatujui kama watakubali. Wamesema watasoma.

Turudie Cottrell. Shirika lake halikutajirika haraka. Miaka ya kwanza falanga ilirudi mu kujenga mashini, kuna wateja wasiolipa, kuna mashini zinazokataa kutembea. Yeye mwenyewe alibakia mu serikali. Wakati wa vita alisukuma kazi ya kupata helyumu kutoka gazi ya udongo, ili mapulizo ya hewani yasiwake moto sawa yale ya hidrojeni. Mwaka 1920 alikuwa mukubwa wa Biro ya Mine kwa miezi michache tu. Kati ya 1922 na 1930 aliongoza labo ya kufanya mbolea kutoka hewa. Alipenda sana pia wazo la luga moja ambayo watu wa inchi zote wangeweza kusikilizana kupitia kwake, akaisukuma mu mikutano ya wanasayansi kwa miaka. Kwa jambo lile angekuja ku kambi zetu za zamani, angekuta Muluba, Mubemba na Munyarwanda wanagombana juu ya zamu kwa Kiswahili kimoja, bila komite yoyote.

Polepole mulima wa falanga ukaanza kuinuka, na ikaonekana vile alitaka. Mwanachuo Robert Goddard, aliyefanya roketi wakati watu wanamucheka, alisaidiwa. Mwaka 1931 kijana mumoja wa Berkeley, Ernest Lawrence, alihitaji sumaku ya tani 80 kwa mashini yake ya kuzungusha vipande vya atomu. Shirika likatia dola 5,000, na Lawrence akawapa breveti ya mashini ile waichunge. Mwaka 1939 akapata Nobel.

Ile habari haikuishia pale, na sisi Wakatanga hatuwezi kuiruka. Mu vita ya pili, Lawrence alitumia sumaku kubwa kutenga uranyumu pale Oak Ridge. Uranyumu mingi ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu. Tarehe 6 Agosti 1945 ikaanguka ku Hiroshima. Baba zetu waliobeba yale mawe hawakuambiwa yanaenda wapi. Falanga iliyotoka mu moshi uliokamatwa ku shemine ya shaba ilisaidia kuzaa mashini iliyokuja kula mawe ya Katanga. Cottrell hakutaka bomu, alitaka elimu isaidiwe. Lakini mutu anayetoa falanga kwa elimu hachague mulango itakaotokea.

Kulikuwa milango mizuri pia. Robert Williams alikuwa ameona ku Manila watu wanakufa kwa beriberi, ugonjwa wa watu wanaokula muchele uliosuguliwa sana. Alitafuta miaka zaidi ya 20 kile kinachokosekana, na mwaka 1936 yeye na wenzake wakajua kukitengeneza: vitamini B1. Yeye pia akapeleka breveti zake kwa shirika la Cottrell, na sehemu kubwa ya falanga ikaingia mu mufuko wa kupiganisha magonjwa ya kukosa chakula kizuri.

Iniversite nazo zikaanza kuamuka. Ile ya Wisconsin ilifanya shirika lake mwaka 1925, juu ya uvumbuzi wa Harry Steenbock wa kutia vitamini D mu chakula kwa mwangaza. Ile ya MIT, mwaka 1937, ikafanya mapatano na Research Corporation ili iichungie breveti zake, na zingine zikafuata. Kwa muda murefu, mwalimu wa Marekani akipata kitu, aliandika kwa shirika lile: wao wanachunguza kama kinafaa, wanalipa avoka, wanatafuta kampani ya kukodisha breveti, wanagawanya malipo kati ya iniversite, muvumbuzi na mufuko wa uchunguzi. Leo iniversite kubwa ziko na biro zao zenyewe, zaidi tangu sheria ya Marekani ya 1980 iliyoziruhusu kushika breveti za kazi iliyolipwa na serikali. Zingine zinashindana sawasawa na vile Cottrell aliogopa.

Yeye mwenyewe hakubakia na kitu. Mu miaka ya 1930 alijaribu kuanzisha shirika lingine la kukomaza mawazo ya wavumbuzi, likafa mbio, na likamuumiza. Hakuwa mutu wa biashara. Alikuwa na mawazo kumi kwa siku na alisahau tisa yaliyoanza jana. Breveti yake ya kwanza iliisha 1925, mashini ikawa ya kila mutu. Alirudi kukaa California na kusaidia wengine, kati yao watu wa Wisconsin waliotafuta njia mupya ya mbolea kutoka hewa. Siku ile ya mwisho alikuwa mu mukutano wa Akademi ya Sayansi, amekaa anasikiliza wengine wanasoma kazi zao. Alianguka palepale. Ilikuwa tarehe 16 Novemba 1948, ku Berkeley, mu muji wa iniversite ileile ambayo haikutaka breveti zake, na alikuwa na miaka 71.